Ukishika Usukani wa Boti Ukiwa Umelewa: Mwongozo Kamili wa Sheria kwa Msafiri wa Nairobi

Jumamosi moja chama chetu kiliondoka Nairobi alfajiri, na kufikia saa mbili na nusu tulikuwa tumesimama kwenye gati la mbao kando ya Ziwa Naivasha, tukigawana jaketi za kuokolea maisha. Nahodha wetu, kijana mchangamfu mwenye karafuu mdomoni, aliinama kufungua kamba ya boti. Alilifungua fundo, akalifunga tena bila kujua, akalifungua, akalifunga, mara tatu. Mweka hazina wetu, mama wa makamo asiyeona haya kuuliza, alimwambia, "Kijana wangu, leo umekunywa?" Naye akajibu kwa heshima zote, "Hapana mama, hizi ni za jana."

Hizo za jana ndizo zilizonifanya niandike mwongozo huu. Sisi wakazi wa Nairobi tumezoea kuifikiria pombe na usukani kwa lugha ya barabara: kuna polisi wamesimama gizani, kuna alkoblo, kile kifaa cha kupima pombe kwenye pumzi, kuna kipimo ambacho ukikipita umekwisha. Tukifika majini, Naivasha, Kisumu, Mombasa au Lamu, tunaona hakuna alkoblo, basi tunadhani hakuna sheria. Sheria ipo, na kwa namna fulani ni kali kuliko ile ya barabara, kwa sababu hapa ulevi haupimwi kwa namba peke yake. Unapimwa kwa hatari uliyowatia watu. Kwa hiyo kesi nyingi za namna hii huegemea ushahidi unaokusanywa katika saa chache za mwanzo, na mtu anayejua la kufanya katika saa hizo, awe nahodha, mwenye boti au abiria, huwa mahali pazuri zaidi kuliko anayekuja kuuliza baada ya wiki mbili.

Hatua ya kwanza: ijue sheria inayokuhusu

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamhusu anayeendesha gari barabarani au mahali pengine pa umma. Boti haimo. Ukikamatwa majini, msingi ulio wazi zaidi wa kukushtaki ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 243. Kifungu hicho kinamtia hatiani mtu yeyote ambaye, kwa pupa au uzembe unaohatarisha uhai wa binadamu au unaoelekea kumdhuru mtu mwingine, anaendesha chombo cha majini au anashiriki katika kukiendesha au kukifanyia kazi. Yaangalie maneno hayo kwa makini. Hayasemi lazima ajali itokee. Hayasemi lazima mtu aumie. Hayataji kiwango chochote cha pombe kwenye damu. Tena hayamhusu nahodha tu, kwani kijana wa kamba au fundi wa injini naye "anashiriki". Na usijitetee kwamba chako ni kiboti cha uvuvi tu, kwa maana sheria hiyohiyo inaposema chombo cha majini inajumuisha meli, boti na kila aina ya chombo kinachosafiri baharini au kwenye maji ya bara.

Kwa jina la kisheria hili huhesabiwa miongoni mwa makosa madogo, jina ambalo huwapumbaza watu. Chini ya kifungu cha 36 cha Kanuni hiyo, kosa dogo ambalo halikutajiwa adhabu yake mahususi hubeba kifungo kisichozidi miaka 2, au faini, au vyote viwili.

Mtu akifa, mambo hubadilika kabisa. Kifungu cha 202 kinasema kwamba anayesababisha kifo cha mwenzake kwa kitendo au kuacha kutenda kusiko halali, ukiwamo uzembe mkubwa wa kutotimiza wajibu wa kulinda uhai, ana hatia ya kuua bila kukusudia. Adhabu yake ya juu, chini ya kifungu cha 205, ni kifungo cha maisha. Nahodha aliyepakia abiria waliomwamini, akashika usukani akiwa amelewa, akaipindua boti, ana wakati mgumu sana kueleza kwamba hakuwa na wajibu wa kulinda uhai wao.

Je, aweza kusema, "Nilikuwa nimelewa, sikujua nilichokuwa nikifanya"? Kifungu cha 13 kimemaliza hoja hiyo: ulevi si utetezi, isipokuwa katika hali chache mno, kwa mfano mtu alipoleweshwa na mwingine kwa hila bila ridhaa yake hata asijue anachofanya. Bia uliyojinunulia mwenyewe haimo katika hali hizo.

Kwa mabaharia wenye vyeti wanaofanya kazi kwenye meli za safari za bahari kuu, namba ipo. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, uitwao STCW, ulifanyiwa marekebisho mjini Manila mwaka 2010 na marekebisho hayo yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 2012. Yanataka kiwango cha pombe kwa mwenye majukumu ya usalama kisizidi asilimia 0.05 kwenye damu, au miligramu 0.25 kwa kila lita ya pumzi. Kenya ni mwanachama wa mkataba huo. Nahodha wa boti ya watalii anaweza kukichukua kipimo hicho kama kioo cha kujitazamia, ingawa ushauri wangu kwake ni sufuri.

Hatua ya pili: hesabu saa kabla ya kushika usukani

Turudi kwa za jana. Bia ya chupa ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 4.2 ina takriban gramu 16 hadi 17 za pombe halisi. Ini la mtu mzima wa kawaida huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna kahawa, supu ya mbuzi, maji baridi wala karafuu inayoliharakisha. Yaani kila chupa inataka karibu saa mbili. Aliyeanza kunywa saa tatu usiku akamaliza chupa nane, hata kama alilala fofofo, huenda bado ana pombe mwilini saa saba mchana wa siku inayofuata. Kijana wetu wa Naivasha alikuwa akisema kweli kwamba hakunywa leo. Ila mwili wake haukuwa na habari kwamba siku imebadilika.

Maji nayo huongeza uzito wa kila chupa. Jua kali, upepo, mtikisiko wa injini na mng'ao wa mawimbi humchosha nahodha hata asipoonja kitu. Naivasha, kama wajuavyo wanaokwenda mara kwa mara, asubuhi ziwa huwa kama sahani, na mchana upepo huamka likachafuka. Humo mna viboko, na kuna magugumaji yanayoelea yakibadilisha njia kila kukicha. Mlevi akianguka majini, pombe humvuruga hisia za mizani katika sikio la ndani, akaweza kupiga mbizi kuelekea chini akidhani anapanda juu.

Kwa hiyo kabla hujapanda, tazama mambo machache ambayo baadaye yanaweza kuwa ushahidi. Je, nahodha anafungua kamba kwa mkono thabiti? Anakujibu swali uliloliuliza? Ile kamba fupi inayofungwa mkononi au mguuni mwake ili injini izimike akianguka, ameivaa au inaning'inia? Boti ina cheti cha ukaguzi na nahodha ana cheti chake? Mamlaka ya Masuala ya Bahari nchini, KMA, yenye makao makuu Mombasa, ndiyo inayosimamia usalama wa vyombo na vyeti vya mabaharia, nayo imepewa nguvu na Sheria ya Usafiri wa Meli ya mwaka 2009. Kuomba kuona cheti si ukorofi.

Ukimshuku nahodha, usipande. Mwambie mwenye boti mbele ya mashahidi, omba nahodha mwingine au urudishiwe pesa, na ukikataliwa waarifu viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo huo, au kituo cha polisi kilicho karibu. Sisi tulimwita mwenye boti kwa simu; alifika akinung'unika, akamtazama kijana wake mara moja, akamwambia akalale. Tuliondoka saa tano na nahodha mwingine, mzee mkimya ambaye hakutusimulia hadithi hata moja ya viboko, na hiyo ilitutosha.

Neno kwa wenye sherehe, maana hili la "nipe kidogo niendeshe" limekuwa tabia. Ukichukua usukani kwa nahodha baada ya glasi mbili za mvinyo ili upigwe picha, wewe ndiwe unayeendesha chombo, na kifungu cha 243 hakiulizi kama uliajiriwa. Nahodha aliyekuachia naye hajatoka: kifungu cha 20 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu kuwa mkosaji mkuu kila anayesaidia, anayechochea au anayewezesha kosa kutendeka. Kifungu hicho ndicho pia kinachoweza kumnasa mwenye boti anayemtuma kazini nahodha ambaye anajua wazi amelewa.

Hatua ya tatu: boti ikisimamishwa, au ajali ikitokea

Anayeweza kukusimamisha inategemea ulipo. Kikosi cha Walinzi wa Pwani, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, hufanya doria baharini na katika maji ya bara, na polisi wa kawaida hukungoja ufuoni. Punguza mwendo, zima injini ukiamriwa, weka mikono inapoonekana. Kubishana juu ya maji ni ujinga, kwa sababu boti mbili zilizokaribiana katika mawimbi ni hatari hata watu wakiwa timamu, na kumpinga afisa kwa nguvu ni shtaka jingine juu ya lile la kwanza.

Ikiwa ni ajali, okoa watu kwanza. Kila kitu kingine kinangoja. Piga 999 au 112. Watu wakishafika nchi kavu, ndipo saa ya ushahidi inapoanza kugonga.

Mfano maarufu kuliko yote duniani ni wa meli ya mafuta Exxon Valdez, iliyopanda mwamba kule Alaska, Marekani, tarehe 24 Machi 1989, ikamwaga mafuta yaliyochafua pwani kwa mamia ya kilomita. Nahodha wake, Joseph Hazelwood, alishtakiwa pamoja na mengine kuendesha chombo akiwa amelewa. Damu yake ilichukuliwa yapata saa kumi baada ya ajali, na mawakili wakapata nafasi pana ya kubishania kilichokuwamo mwilini mwake wakati wa ajali yenyewe. Baraza la wazee wa mahakama lilimwondolea shtaka la ulevi, likamtia hatiani kwa kumwaga mafuta kwa uzembe tu. Alitozwa dola 50,000 na kuamriwa kutumikia jamii kwa saa 1,000. Mimi sisemi alikuwa amelewa au la, maana jibu la mahakama lipo. Ninachosema ni kwamba pombe huyeyuka kama barafu, na kipimo kilichochelewa humnufaisha mmoja na kumwacha mwingine mikono mitupu, wala huwezi kujua mapema utakuwa upande gani.

Kama wewe ni abiria uliyeumia, basi, nenda kituoni siku hiyohiyo, eleza wazi kwamba nahodha alinuka pombe na uliona nini, kisha hakikisha habari imeingizwa katika kitabu cha matukio na upewe namba ya OB. Omba fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, ijazwe na daktari, nawe ubaki na nakala. Andika majina na simu za abiria wenzako kabla hamjatawanyika, kwa sababu kikundi kilichotoka Nairobi kwa matatu moja Jumamosi hakikusanyiki tena kirahisi Jumanne. Picha za chupa zilizoachwa botini, za idadi ya jaketi, na za mahali pa ajali ni bora kuliko kumbukumbu. Na kama uliyekamatwa ni wewe, lakini unajua hukunywa, omba mwenyewe upelekwe hospitali upimwe mapema, na upate karatasi yenye saa iliyoandikwa.

Hatua ya nne: kituoni

Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki za kutajwa moja baada ya nyingine: kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumnyima. Ni lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ila hapa pana kipengele ambacho wapenzi wa safari za wikendi hukijua wakiwa tayari seli: saa hizo zikiisha nje ya muda wa kazi wa mahakama, au siku isiyo ya mahakama, muda unasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Ukikamatwa Jumamosi alasiri, mahakama yako ni Jumatatu. Kwa sababu hiyo dhamana ya polisi ina thamani kubwa siku hiyo kuliko siku nyingine. Ukilipa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti rasmi; pesa isiyo na risiti si dhamana, ina jina lingine.

Toa jina lako na mahali unapoishi, kisha tulia. Watu waliolewa hupenda kujieleza, na maelezo yao huwa marefu. Chini ya kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi, ungamo halikubaliki kortini isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kisichopungua Inspekta akiwapo mtu wa tatu uliyemchagua mwenyewe. Lakini usiitegemee ngao hiyo kupita kiasi: video aliyokurekodi rafiki yako ukijisifu gatini hailindwi nayo.

Hatua ya tano: mahakamani

Utasomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli. Hapo ndipo wengi huharakisha. Wanakiri ili walipe faini warudi Nairobi kabla foleni ya barabara ya Nakuru haijaanza, bila kujua kwamba, chini ya kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, aliyekiri kosa mbele ya hakimu hawezi kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Anaweza kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu peke yake. Kwa hiyo kabla ya kusema "ni kweli", taka nakala ya shtaka, soma maelezo yake, na uulize: upande wa mashtaka unasema hatari ilikuwa nini hasa? Kunuka pombe peke yake si kosa la kifungu cha 243. Kinachotakiwa kuthibitishwa ni namna ya uendeshaji, iwe ni mwendo wa kasi karibu na waogaji, kupakia abiria kupita kiasi, kukata kona ghafla, kutotazama mbele, au kusafiri gizani bila taa, na pombe huja kueleza kwa nini hayo yalitokea. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinataka kila chombo kiwe na mtu anayeangalia mbele wakati wote kwa macho na masikio, na kiende kwa mwendo salama. Hakimu akiuliza nahodha makini angefanya nini, kanuni hizo zina jibu.

Ikiwa kweli ulikosa, kuna njia ya makubaliano na upande wa mashtaka, ambayo wakili huianzisha. Hakimu pia anaweza kutoa adhabu isiyo ya jela: uangalizi wa probesheni, au kutumikia jamii, ambako kunawezekana kwa makosa yenye kifungo kisichozidi miaka 3. Kifungu cha 31 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu mahakama kukuamuru umlipe fidia uliyemdhuru. Rufaa, kwa anayeihitaji, huwasilishwa ndani ya siku 14.

Hatua ya sita: fidia, bima na kazi

Kesi ya jinai ikiisha, au hata ikiwa inaendelea, aliyeumia anaweza kudai fidia. Hapa kuna tofauti ambayo watu wa mjini hawaitarajii. Gari linalobeba abiria kwa malipo lazima liwe na bima ya abiria na watu wengine, kwa mujibu wa Sura ya 405. Sheria hiyo ni ya magari. Boti iliyokupakia huenda haina bima yoyote inayokuhusu. Uliza kabla. Na hata bima ikiwapo, Sheria ya Bima ya Baharini, Sura ya 390, inamwondolea kampuni ya bima wajibu wa hasara iliyoletwa na utovu wa makusudi wa mwenye bima mwenyewe, mbali na vipengele vya pombe ambavyo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo ndani ya mkataba.

Madai ya uzembe kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3, lakini madai mengine ya baharini yana muda mfupi zaidi, kwa hiyo mwone wakili mapema. Mahakama Kuu ina mamlaka ya kesi za bahari, na kwa sheria ya Kenya mamlaka hayo yanafika hadi kwenye maziwa. Abiria naye ajue: aliyepanda boti akimwona nahodha anayumba, pengine wamekunywa pamoja, anaweza kupunguziwa fidia kwa kuchangia madhara yake mwenyewe.

Nahodha aliyeajiriwa ana hatari ya ziada. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataja kulewa saa za kazi hadi kushindwa kuifanya kazi ipasavyo kuwa sababu ya kufutwa mara moja, ingawa mwajiri analazimika bado kumsikiliza kwanza, akiwa na mwenzake wa kumsindikiza, kama kifungu cha 41 kinavyotaka. Kutiwa hatiani kunaweza pia kujitokeza katika cheti cha tabia njema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, na hoteli za ufuoni hukiomba cheti hicho kabla ya kumpa mtu hata kasia.

Kwa ndugu zetu walio Marekani, wanaotualika kwenye maziwa ya huko: kule namba ipo waziwazi, asilimia 0.08 kwa boti za starehe na 0.04 kwa vyombo vya biashara, chini ya sheria za shirikisho. Mgeni kutoka Nairobi hatapata msamaha kwa kusema kwao hakuna alkoblo ya ziwani.

Mwisho, ile risiti ya dhamana. Kesi ikimalizika, pesa taslimu uliyoweka hurudishwa ukiiomba ukiwa na risiti ya asili, na mahakama iliyo Naivasha au Kwale haikutumii nyumbani Kayole. Itie ndani ya bahasha, uiandike namba ya kesi juu yake, na umpe mtu wa familia asiyepoteza vitu.